Shajara ya mradi: kadi nne, kura mbili na mwalimu anayejifunza kunyamaza

Kabla ya kuanza

Kilichonisukuma ni swali moja la jaribio la muhula uliopita. Lori limegongana uso kwa uso na gari dogo: lipi limemsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Darasa lile lile lilikuwa limeandika sheria ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikisukuma kingine nacho husukumwa nacho kwa kani sawa upande wa pili, bila kukosea hata nukta. Lakini kwenye swali la lori, karibu wote walijibu kwamba lori ndilo limesukuma zaidi. Sheria wanaijua kwa moyo, ila hawaiamini. Nimefundisha mada hiyo miaka kumi na moja na sikuwahi kuuliza swali la namna hiyo, kwa sababu mitihani yangu yote ilikuwa ya kutaja na kukokotoa.

Nilipotafuta nani mwingine amekumbwa na jambo hili nikamkuta Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard. Alikuwa anasifiwa na wanafunzi wake na alijiona anafundisha vizuri. Kisha akawapa jaribio la dhana za kani, la aina aliyoiasisi David Hestenes na wenzake huko Arizona, lenye maswali ya maneno matupu yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu jinsi alivyofundishwa au jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri. Nilisoma hapo nikaweka kitabu chini kwa muda. Mwaka 1991 Mazur akaanza kufundisha kwa namna nyingine. Mwalimu anaeleza kidogo, anauliza swali la kuchagua, kila mtu anapiga kura peke yake, kisha wanabishana na jirani, wanapiga kura tena, na ndipo mwalimu anaeleza. Mimi nitaiita kufundishana, maana ndicho kinachofanyika.

Nina wanafunzi 48 na vipindi vinne kwa wiki. Nitajaribu kwenye mada mbili tu, kani na umeme, kwa wiki nane. Vyombo vya kupigia kura vya kielektroniki sina, ila wapo walimu wanaotumia kadi za karatasi kwa njia hii, kwa hiyo hiyo si sababu ya kukwepa. Nimekata kadi za A, B, C na D kutoka kwenye karatasi ngumu. Jumla 192. Vidole vinauma.

Wiki ya 1

Swali la kwanza: mpira umerushwa juu wima. Ukifika kileleni, kabla haujaanza kushuka, ni kani gani zinazotenda juu yake? Upinzani wa hewa tusiuhesabu. A, hakuna kani yoyote. B, mvutano wa dunia peke yake. C, kani ya mrushaji na mvutano wa dunia, zikiwa sawa. D, zote mbili, ila ya mrushaji ni kubwa.

Kura: A 21, B 9, C 16, D 2. Jibu ni B.

Kanuni ya Mazur iko wazi. Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, waache wajadiliane. Wakizidi hapo, eleza kwa ufupi usonge mbele. Wakipungua, rudi nyuma ufundishe kwanza. Tisa kati ya 48 ni chini ya asilimia 20. Nilitakiwa kurudi nyuma. Lakini nilikuwa nimesubiri wiki mbili kuona mjadala, basi nikasema, "Haya, geukeni mzungumze."

Kura ya pili: A 27, B 8, C 13. Nimewafundisha kukosea kwa kujiamini zaidi! Wenye A walikuwa wengi na hoja yao inasikika vizuri: mpira umesimama, na kilichosimama hakina kani. Wale tisa hawakuwa na la kujibu, na mmoja wao akahama kambi.

Ilibidi niokoe kipindi. Nikarusha mpira juu mara kadhaa, kisha nikauliza: kama pale juu hakuna kani na mwendo ni sifuri, kitakachourudisha chini ni nini? Kwa nini haubaki ukining'inia? Kimya. Halafu mtu wa nyuma akasema taratibu, "Ungebaki huko huko." Hapo ndipo kambi ya A ilipoanza kubomoka. Tuliendelea hadi kengele na sikugusa kitu kingine chochote nilichopanga.

Nilichoandika pembeni ya andalio la somo: kanuni ya asilimia 30 si pambo.

Wiki ya 2

Wiki mbovu, nitaipitia haraka.

Niliuliza ipi kati ya sentensi nne ni sheria ya kwanza ya Newton. Arobaini na watano wakapatia. Hakuna cha kujadili. Hilo lilikuwa swali la kumbukumbu lililovaa nguo za swali la dhana.

Kisha niligundua kwamba kura haikuwa ya siri. Watu wanainua kadi huku macho yako kwa kijana wa dawati la pili anayeongoza kila mtihani. Akiinua C, mstari mzima unageuka C. Nilisimama mbele nikaliona wimbi likipita darasani. Kuanzia Alhamisi tumeweka utaratibu: kila mtu anaandika jibu kwenye daftari kwanza, anashika kadi kifuani, nahesabu moja hadi tatu, wote wanaigeuza kunielekea mimi. Pia kadi 11 zimepotea. Nimeacha kadi mojamoja. Sasa kila mtu ana karatasi moja iliyokunjwa mara nne, kila uso una herufi yake, na anaikunja ili herufi moja tu ionekane. Ningeanza hivyo ningeokoa vidole vyangu.

Jambo la tatu ni langu mwenyewe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia. Nilidhani mimi si mmoja wao. Nikaweka saa mezani. Nilipouliza swali na kujiapiza kutoa dakika nzima ya kufikiri, kwenye sekunde ya tisa nilikuwa tayari nimefungua kinywa kutoa dokezo. Sekunde ya tisa! Na dokezo lenyewe lilikuwa nusu ya jibu.

Wiki ya 3

Wiki hii naiandika kwa urefu kwa sababu bado inanicheza kichwani.

Tumeanza umeme. Balbu mbili za aina moja zimeungwa kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye waya ule ule, kwenye betri moja. Ipi itawaka zaidi? A, iliyo karibu na ncha chanya. B, zinawaka sawa. C, iliyo karibu na ncha hasi. Safari hii nimeacha D, kwa kuwa sikupata jibu la nne ambalo mtu angelichagua kwa akili timamu, na chaguo la kujazia nafasi halifundishi kitu.

A 20, B 22, C 6. Asilimia 46. Hapo hapo panapotakiwa.

Nimebadilisha pia maelekezo. Sisemi tena "zungumza na jirani," maana majirani ni marafiki na marafiki hukubaliana. Nasema, "Tafuta mtu mwenye herufi tofauti na yako, umshawishi." Madawati yakasukumwa, watu wakahama, kelele ikapanda. Nikajizuia nisiingilie, nikawa napita nikisikiliza tu.

Mvulana mmoja wa A alikuwa na hoja nzito: balbu ya kwanza inakula umeme kabla haujafika kwa ya pili, kwa hiyo ya pili inapata masalia. Nusu ya darasa inaamini hivyo, na neno lenyewe ndilo hilo, "inakula." Sijui tumewapa wapi neno hili, nashuku ni sisi walimu, tunapozungumza kuhusu kifaa kinachokula umeme. Msichana aliyekaa mkabala naye, ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake zaidi ya kuitikia jina, akamjibu: "Basi geuza betri. Sasa ya kwanza ni ipi?" Kijana akasema ya kwanza itakuwa ile nyingine. "Na hiyo uliyosema ni dhaifu itakuwa na nguvu ghafla, kwa kugeuza betri tu?" Akafikiri. Akasema ndiyo. Akafikiri tena. "Mh."

Mimi katika miaka yote hiyo sijawahi kutumia hoja ya kugeuza betri. Nilikuwa nachora mishale ubaoni na kusema mkondo ni ule ule kila mahali katika saketi ya mfululizo, wanaandika, tunasonga.

Kura ya pili: A 9, B 37, C 2. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nikatoa betri na balbu ili tuone kwa macho.

Balbu moja ikawaka zaidi.

Tena ile ya karibu na ncha chanya. Kambi ya A ikalipuka kwa shangwe, wawili wakasimama juu ya viti. Wale 37 wakanitazama kama niliyewauza. Balbu zina maandishi yale yale ubavuni, lakini ni balbu za miaka na hazikuzeeka kwa mwendo mmoja. Nilitaka kusema hivyo mara moja, nikakumbuka saa mezani, nikauma ulimi. Nikauliza, "Tutajuaje kama ni mahali ilipokaa au ni balbu yenyewe?" Kabla sijamaliza, watu watano walikuwa wanapiga kelele, "Badilisha! Badilisha nafasi!" Tukabadilisha. Balbu ile ile ikaendelea kung'aa zaidi, sasa ikiwa upande wa hasi. Mvulana wa "inakula" ndiye aliyetangaza matokeo, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Kama balbu zingekuwa mpya somo lingekwisha dakika tatu mapema, na hakuna ambaye angelijifunza kutenganisha sababu mbili. Sikupanga. Muhula ujao nitapanga.

Wiki ya 4

Swali nililoliandika usiku nikiwa nimechoka: sanduku linasukumwa sakafuni kwa kani isiyobadilika. Mwendo wake utakuwaje? A, utaongezeka daima. B, utabaki ule ule. C, utaongezeka kisha utapungua. D, utapungua.

Nilikuwa na A kichwani. Mjadala ukagawanyika kati ya A na B na haukusogea hata kidogo. Kura ya pili ilikuwa karibu nakala ya kwanza. Nikaanza kueleza kwa uhakika mpaka mkono ukainuka: "Mwalimu, msuguano upo?" Sikuwa nimeandika. Kama msuguano haupo, ni A. Kama upo na unalingana na kani ya kusukuma, sanduku ambalo tayari liko mwendoni linaendelea kwa mwendo ule ule, na B ni sahihi. Watu wa B walikuwa wamejibu swali bora kuliko langu.

Nikaomba radhi, nikafuta, tukaliandika upya kwa pamoja. Kutunga swali zuri kunanichukua saa nzima, wakati mwingine zaidi. Andalio langu la zamani lilikuwa linachukua dakika 20. Hili ni gharama, na nisipoliandika hapa nitajidanganya baadaye.

Nimeanza kuokota majibu ya uongo kutoka kwenye madaftari yao badala ya kuyabuni. Chaguo lililo kosa linafanya kazi tu kama kuna mtu kweli analiamini.

Wiki ya 5

Niko nyuma ya azimio la kazi kwa vipindi vitatu. Mkuu wa idara ameuliza kwa upole, na upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Mwenzangu wa darasa la jirani ameuliza bila upole: kelele hizi za kila siku ni za nini, na akanikumbusha habari ya debe tupu. Nilimwalika aje kuketi kipindi kimoja. Amesema atakuja.

Mazur anawataka wanafunzi wasome kabla ya kipindi, ili muda wa darasani usitumike kusimulia kilichomo kitabuni. Kwangu hilo limegoma. Nilipouliza nani amesoma, mikono ilikuwa mingi. Nilipouliza kilichoandikwa ukurasa wa pili, ikashuka. Nimejaribu njia ndogo: ukurasa mmoja nilioandika mwenyewe, na mwishoni maswali mawili, la pili likiwa daima "Ni nini hapa hujakielewa?" Wanaleta karatasi asubuhi. Karibu theluthi mbili wanaleta. Majibu ya swali la pili ndiyo yanayonipa maswali ya siku hiyo, kwa hiyo sasa natunga kwa haraka kidogo.

Wiki ya 6

Mwenzangu alikuja. Baada ya kipindi akanipa pingamizi lake, na ni la maana kuliko la kelele: "Kura ya pili inapanda kwa sababu dhaifu wanamfuata hodari. Hawajaelewa, wamehama tu."

Nilikuwa na wasiwasi huo huo. Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika somo la jenetiki, waliongeza hatua moja. Baada ya mjadala walitoa swali pacha, lenye dhana ile ile kwa sura nyingine, likajibiwa kimya kimya na kila mtu peke yake. Waliopatia pacha waliongezeka, na dalili zikaonyesha kwamba hata kundi ambalo hakuna aliyejua jibu mwanzoni liliweza kufika. Anayenakili herufi ya jirani hawezi kunakili jibu la swali ambalo hawakulijadili.

Basi nikalirudisha swali la lori, kwa sharti kwamba majibu yote matatu yaandikwe daftarini kwa kalamu. Kura ya kwanza, 17 wamepatia. Baada ya mjadala, 33. Kisha pacha, bila kunong'ona: sumaku imemvuta msumari; kani ya sumaku juu ya msumari na ya msumari juu ya sumaku, ipi kubwa? Waliopatia ni 30. Jioni nilikaa na madaftari. Kati ya 31 waliokosa lori mara ya kwanza, 16 walipatia sumaku peke yao. Na kati ya 17 waliojua lori tangu mwanzo, watatu waliikosa sumaku, kwa hiyo "kujua" kwao nako kulikuwa na ufa.

Ni darasa moja na swali moja. Sijengi nyumba juu yake. Nilimwonyesha mwenzangu. Akayapekua madaftari mawili matatu, akasema, "Na hao 15?" Ndiyo. Hao 15 nao wapo, nami sijui cha kuwafanyia zaidi ya kuwaketisha na watu wanaoeleza vizuri, ambao si lazima wawe wanaoongoza mtihani. Kijana wa dawati la pili, kwa mfano, anaeleza vibaya sana. Anataja kanuni kisha anashangaa kwa nini mtu hajaelewa. Nilimtazama nikajiona mimi.

Wiki ya 7

Mtihani wa katikati ya muhula. Sehemu ya kukokotoa imeshuka kidogo ukilinganisha na mtihani wa kwanza wa mwaka, na sababu ninaijua: tumefanya mazoezi machache ya hesabu kwa sababu muda ulikwenda kwenye mijadala. Sehemu ya kueleza kwa maneno imepanda, na si katika alama tu. Wanaandika "kwa sababu." Zamani jibu la "eleza" lilikuwa sheria iliyonakiliwa.

Nimeamua kipindi kimoja kati ya vinne kiwe cha mazoezi ya hesabu, bila kadi. Maswali ya kura yasizidi mawili kwa kipindi. Nilikuwa naweka manne, na la tatu na la nne daima yalikuwa ya kukimbizana na kengele.

Wiki ya 8

Niliwaambia atakayetaka atunge swali. Karatasi sita zimekuja. Nne ni za kumbukumbu, ugonjwa wangu wa wiki ya pili. Moja haina jibu sahihi kabisa. Ya sita imetoka kwa msichana wa "geuza betri," nayo ni hii: bilauri ya maji iko juu ya mzani. Ukitumbukiza kidole ndani ya maji bila kugusa bilauri, na maji yasimwagike, mzani utasoma zaidi, pungufu, au vile vile?

Akasema mwalimu naye apige kura. Darasa likashangilia. Nikachukua karatasi, nikaikunja, nikaishika kifuani kama wao. Nilifikiri haraka: kidole kinashikiliwa na mkono wangu, uzito wake hauko juu ya mzani, bilauri haijaguswa. Moja, mbili, tatu. Nikageuza C, vile vile. Wengi walikuwa nami kwenye C. Yeye na wengine kumi na moja walikuwa na A.

Tukaleta mzani wa maabara, ule wa tarakimu. Nikatumbukiza kidole mwenyewe. Namba zikapanda kwa gramu kadhaa, nikatoa, zikashuka. Nikarudia, zikapanda tena.

Nikafungua kinywa kuanza kueleza, maana kwa wakati huo nilikuwa nimeshaona nilipoteleza: maji yanasukuma kidole juu, basi kidole nacho kinasukuma maji chini, na sheria ni ile ile ya lori na gari dogo. Msichana akaninyooshea kiganja.

"Bado, mwalimu. Tafuta mtu mwenye herufi tofauti na yako."

Nikasogeza kiti hadi dawati la tatu. Aliyenipokea ni kijana wa "inakula," na alikuwa na A.